Metode ya Kuhamisha Mabenchi

Nikikasirika, natwanga sombe. Wengine hupigiza mlango, wengine huenda kukesha kanisani. Mimi nachukua kinu na mchi, na majani ya muhogo yanapata habari zangu zote. Wiki ile mkaguzi alipokuja shuleni kwetu tulikula sombe mfululizo, mpaka mume wangu, mtu mpole asiyependa maswali, akaniuliza taratibu ni nani amefariki. Nikamwambia hajafariki mtu, ale tu.

Nafundisha darasa la sita hapa Likasi, katika shule ya msingi iliyo upande wa barabara ya Kakontwe, pale malori ya mawe yanapopita na kutuachia vumbi kwenye meno. Darasa langu lilikuwa na ubao, ukuta, watoto wazuri na shimo. Shimo lilikuwa juu, kwenye paa. Upepo wa msimu uliopita uling'oa mabati upande wa dirishani ukayapeleka mtaa wa pili, na mtaa wa pili mtu akiokota kitu haulizi ni cha nani. Kiangazi hatukulalamika sana, maana tulipata mwanga. Lakini Septemba shule ilipofunguliwa, wazazi walianza kutazama juu kabla ya kunisalimia.

Wa kwanza kusema alikuwa mama mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Huyu mama anauza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni, ana sauti ya kufika ng'ambo ya soko, na binti yake, niliyekuwa naye darasani, ana kifua dhaifu tangu utotoni. Alinishika mkono pale mlangoni.

"Madamu, minye nakuheshimu sana. Lakini mvula ikianza kunyesha ya kweli, na hii shimo iko palepale, mutoto namutosha hapa, namupeleka kwingine. Kifua yake haiwezi."

"Eyo," wakaitikia mama wengine nyuma yake.

Hakuwa ananitisha, alikuwa ananieleza. Na mimi ni mama, nilimwelewa. Basi hesabu yangu ya mwaka ikawa moja tu: nipate mabati kabla mvua haijakolea, au nipoteze darasa. Na darasa lile nililipenda, nasema wazi. Niliwachukua tangu la tano, nikapanda nao. Kulikuwa na watoto mle ambao baba zao wanachimba kwa mikono yao wenyewe huko vichakani, na walikuwa wanakokotoa hesabu haraka kuliko mimi. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na nilitaka niwapeleke mimi, wote, hadi mlangoni.

Kwa hiyo mtaelewa furaha yangu siku habari ilipoingia kwenye simu, katika kikundi cha walimu. Ofisi inayosimamia shule za mji wetu ilisema mwaka huu mkaguzi, yule tunayemwita enspektere, atazunguka shule zote. Atatafuta zilizo dhaifu. Na zilizo dhaifu zitapewa mabati. Nilisoma mara ya pili nikapiga kigelegele peke yangu jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, wakubwa walikuwa wanatafuta kitu ambacho sisi tulikuwa nacho kwa wingi.

Nilifikiri kazi imekwisha. Mkaguzi ana macho, paa lina shimo, kilichobaki ni kumketisha chini yake. Sikuwakumbuka watu wetu.

Kamati ya wazazi iliitwa Jumamosi, darasani kwangu. Direktere, yaani mkuu wetu wa shule, alifungua kwa sala ndefu, kisha akasema jambo moja tu: mgeni anakuja, tunampokeaje? Nikanyoosha mkono. Nikasema tumpokee hivi tulivyo. Tusifagie hata. Tumwache aone.

Mama mwenyekiti akanigeukia taratibu, kama mtu aliyesikia nimetukana kanisani.

"Madamu. Mugeni anakuya kwetu, na weye unataka tumuonyeshe kilonda?"

"Mama, anakuya kutafuta kilonda! Njo kazi yake!"

"Hata kama. Mugeni banamupokea mu salon. Habamupokee mu kabine."

Watu wakacheka kusikia choo kinatajwa, na nikajua nimeshindwa. Direktere naye alikuwa na hofu yake. Zamani mwenzake mmoja alikutwa na darasa chafu siku ya ukaguzi, na mwezi uliofuata akajikuta anaongoza shule porini, mahali pa kufika kwa baiskeli na maombi. "Enspektere akiona shimo," alisema direktere akijifuta jasho, "hataandika kama paa iko na shimo. Ataandika kama direktere iko na shimo."

Nikawauliza, sasa mabati tutapataje? Na hapo ndipo mama mwenyekiti alipotoa fikra iliyonitwangisha sombe wiki nzima. Alisema mgeni aliyelishwa vizuri, aliyekaa pasafi, aliyeimbiwa, anaondoka na deni moyoni. Hatakiwi kuombwa. Akifika kwake atakumbuka mwenyewe, atasema, wale watu walinipokea vizuri, sasa niwafanyie nini? "Muntu wa heshima haumuombe," alisema. "Unamupokea tu. Yeye mwenyewe atajua."

Na wote wakakubali! Baba mmoja dereva, Mwislamu mwenye asili ya Kasongo, mtu mwenye akili zake, anayejua bei ya kila kitu kuanzia hapa hadi Kolwezi, na yeye akakubali. Akaahidi hema la lori lake, lile turubai la kufunika mizigo, lipandishwe juu lizibe shimo siku hiyo. Nikamtazama. Akanyanyua mabega: "Madamu, mugeni ni mugeni." Ningesema yaliyokuwa mdomoni wakati ule ningefukuzwa kazi na ndoa siku moja.

Wakafanya kazi wale watu, msione mchezo. Chokaa ililetwa kutoka Kakontwe na ukuta ukapakwa mpaka ukaumiza macho; watoto walitembea wiki nzima na matako meupe. Turubai likapandishwa. Kwa ndani, ili mgeni asione turubai, akina mama wakaunganisha vitenge vyao wakavitandaza chini ya paa, ikawa dari. Dari ya vitenge! Kimoja kilikuwa na picha za miavuli. Niliketi chini yake nikaitazama miavuli ile, nilishachoka.

Sasa lazima nieleze jambo la watoto. Mvua za kwanza za Oktoba zilikuwa zimeshatupitia mara kadhaa, na mimi nina sheria moja darasani: somo halikatiki. Lori likipita, tunasoma kwa sauti zaidi. Mbuzi akiingia, atoke mwenyewe. Kwa hiyo mvua ilipoanza kuingia shimoni, watoto walijipanga bila kuambiwa. Safu ya dirishani inanyanyua mabenchi yake inapita nyuma. Safu ya katikati inabana ukutani. Wa mbele wanasogeza beseni chini ya shimo kwa mguu. Na muda wote huo mdomo unaendelea na somo, hakuna anayegeuka hata kutazama. Haikuwa mbinu. Ilikuwa ni watoto wasiotaka kulowa.

Mkaguzi akafika siku ya Alhamisi, asubuhi, akitembea kutoka barabara kubwa na suruali imekunjwa ili matope yasiiguse. Sikuwa na chuki naye na sina mpaka leo. Alikuwa mtu wa makamo, mchovu, mwenye viatu vilivyong'arishwa kwa imani. Nadhani hata yeye hakuwa amelipwa usafiri. Watoto wa madarasa madogo walimwimbia. Mama mwenyekiti alimkaribisha kwa maji ya kunawa na taulo jipya. Akaingia darasani kwangu, akatazama ukuta mweupe, akatazama dari, akasema, "Ah! Hapa bantu banafanya kazi." Direktere akanitazama kwa ushindi.

Nikaanza somo. Eneo la trapezi, kwa Kifaransa, kama inavyotakiwa darasa la sita. Mkaguzi akaketi nyuma na kalamu yake. Na mimi nikiandika ubaoni, nikasikia. Tone la kwanza juu ya bati. La pili. Kisha mvua ikashuka yote.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, asante Baba, umeishinda kamati nzima. Turubai la dereva lilivumilia kidogo, kisha maji yakatafuta njia pembeni, na dari ikaanza kufura tumbo. Kitenge cha miavuli ndicho kilichofura zaidi. Direktere, aliyesimama mlangoni, alikuwa anaitazama ile miavuli ikishuka na midomo yake inacheza, sijui alikuwa anasali au analaani. Nilimwacha. Niligeukia ubao nikasema, "Tunaendelea."

Watoto wakaendelea. Msingi mkubwa, jumlisha msingi mdogo. Safu ya dirishani ikanyanyuka na mabenchi yake. Zidisha kimo. Safu ya katikati ikabana. Gawanya kwa mbili. Beseni likasogea. Na kitenge kilipopasuka, maji yalishuka palepale, katikati ya beseni, mahali ambapo hapakuwa na mtoto hata mmoja, na darasa zima likasema kwa sauti moja, eneo ni mita za mraba kadhaa wa kadhaa.

Mkaguzi akasimama. Nikafikiri sasa anasimama kutazama shimo, maana lilikuwa wazi, mbingu ilionekana. Akatoa simu. Akanyoosha mkono, si juu, mbele. Akaanza kuwapiga video watoto.

"Bravo!" alisema. "Bravo! Rudilieni! Rudilieni kupita na mabenchi!"

Wakarudia. Mvua ilikuwa inanyesha, hawakuwa na la kufanya.

"Madamu, hii metode, hii namna ya kufundisha, mulijifunza wapi?"

"Musie, hii hapana metode. Hii ni mvula."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Akamwambia direktere kwamba walimu wazuri wote ni hivi, hawajisifu. Nikamwelekeza kidole juu. Nikamwambia, "Musie enspektere, angaria. Paa haiko."

Akatazama, nampa haki yake, akatazama vizuri. Kisha akanijibu kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Madamu, paa zote zinavuja. Hata bureau yangu inavuja. Nimezunguka mashule mingi, mvula ikinyesha, batoto banakimbia, mualimu anafunga kitabu, basi, imeisha. Ile njo zaifu. Hapa mvula inanyesha na somo inaendelea! Nitasemaje ya kama muko bazaifu?"

Nikakishusha kidole. Kwa sababu, ona, hakuwa amesema upuuzi. Alikuwa ameambiwa apime shule kwa jinsi somo linavyokwenda, na somo lilikuwa limekwenda. Niliwafundisha mimi mwenyewe lisikatike.

Baadaye wakamlisha. Bukari moto, yaani ugali wetu, samaki mkubwa wa Tshangalele ambaye mama mwenyekiti angeweza kumuuza kwa mtu wa maana, mboga ya lengalenga, na soda za baridi. Mkaguzi alikula, akalegeza mkanda, akatoa hotuba. Alisema kila anakopita watu wanamlilia. Wanalia madawati, wanalia vyoo, wanalia mabati. "Hapa," akasema, "hata muntu moya hajaniomba kitu." Mama mwenyekiti akainamisha kichwa kwa haya ya kupendeza. Mkaguzi akaendelea kwamba atapendekeza tufanywe ekole pilote, shule ya mfano, ambako wengine watakuja kujifunza. Kigelegele kilipigwa ambacho nina hakika kilisikika Shinkolobwe.

Nikasimama. "Musie, minye naomba. Tunaomba mabati. Mukitupa mabati mutatusaidia, mambo ingine yote muache."

Mnajua walichofanya? Wakamwomba radhi! Mama mwenyekiti alimshika mkaguzi mkono: "Musie, mumusamehe. Madamu anachoka, batoto ni mingi." Direktere akasema kweli, anachoka, ana bidii kupita kiasi. Hata dereva akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama nimemwagia mgeni soda. Na mkaguzi, mwenye tumbo lililojaa samaki wetu, akanisamehe. "Hakuna mubaya, Madamu. Mabati ni ya bale ba nyuma. Ninyi muko mbele."

Alipoondoka tu, dereva akapanda juu akashusha turubai lake, alikuwa na mzigo wa kupeleka Lubumbashi jioni ile. Akina mama wakashusha vitenge vyao, Jumapili ilikuwa karibu. Nikabaki na shimo langu na kuta nyeupe.

Video ikasambaa. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeletewa na watu ambao hata hawajui nafundisha wapi. Ndani ya wiki chache ofisi ikatangaza kwamba mabati yamepatikana, na yataenda kwa shule iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi kabisa. Hao mkaguzi aliwafikia bila taarifa. Mkuu wao alikuwa kwenye matanga, walimu nusu yao hawapo, na mbuzi wamelala ndani ya darasa la nne. Hakuna aliyemnawisha mikono. Alitoka pale amekasirika, njaa inamuuma, na akaandika kila alichokiona. Lori la mabati likaja Jumatatu. Tulisimama langoni kwetu tukawatazama wakishusha, yanang'aa, na mama mwenyekiti, aliyekuwa amepita na beseni lake la samaki kichwani, akasema kwa huzuni, "Bale bantu haba na haya hata kidogo." Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Eyo, mama. Haba na haya, na bako na paa."

Sisi tulipewa kibao. Kimeandikwa Ekole Pilote kwa rangi ya buluu, na kimetengenezwa, sikilizeni vizuri, kwa bati jipya. Nikamwendea direktere nikamwambia bati hili likipandishwa juu ya safu ya dirishani, lile beseni tutalirudisha nyumbani. Alinitazama kama nimependekeza tule bendera. Kibao kikapigwa misumari langoni.

Kisha wakaanza kuja. Walimu wa shule nyingine, wawili watatu kila wiki, wametumwa na ofisi kujifunza. Walikuwa wanapiga simu asubuhi kuuliza kama kwetu kunanyesha, maana wakija kukiwa na jua hawaoni kitu. Wanaketi nyuma, sehemu kavu, na hiyo sehemu kavu ilikuwa ndiyo ya watoto wangu, kwa hiyo watoto wanalowa zaidi ili wageni wajifunze. Wanaandika. Wananiuliza beseni liwe la plastiki au la bati. Mmoja, kijana wa suti, aliniuliza kama benchi linainuliwa kwanza kwa mkono wa kulia. Nikamwambia lazima, mwanangu, kwa mkono wa kushoto mvua haikubali. Akaandika.

Rafiki yangu anayefundisha katika shule moja ya zamani, zile zilizojengwa kwa matofali na watu wa migodi wakati ule, yenye paa zima kabisa, alinipigia simu akicheka hadi kulia. Mkuu wake amenunua filimbi. Kila siku saa nne, jua linawaka, filimbi inapigwa, watoto wanasimama na mabenchi wanakimbia ukutani wakisoma, wanarudi. Wameshavunjika vidole. Na ofisi imewasifu.

Nikacheka naye. Kisha nikafunga simu nikachukua kinu.

Mvua ya kweli ilikuja Desemba, ile inayonyesha kama haina kwingine pa kwenda. Baada ya mapumziko ya Krismasi mama mwenyekiti akaja asubuhi, kabla ya kengele, na binti yake amemfunga kitambaa kifuani. Mtoto alikuwa anakohoa. Hakunitazama, yule mama mwenye sauti ya soko zima. Alizungumza chini, na ilibidi nisogee kumsikia.

"Madamu, nilikuambia. Namupeleka kule ngambo."

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. "Mama, ni weye ulishona ile plafond ya vitenge! Ni weye ulisema tusiombe!"

"Njo minye," alisema. Machozi yakamtoka, akayafuta na kiganja chenye harufu ya samaki. "Sasa ningemuonyesha mugeni nyumba inavuja? Mama yangu hakunifundisha vile, Madamu. Sijue namna ingine."

Nikataka kuendelea kumgombeza na sikuweza. Nikamkumbatia yule mtoto. Alinishika kiuno akaniuliza kama kule ng'ambo wamefika trapezi. Nikamwambia aende awafundishe. Wakavuka barabara, mama amemshika mkono kwa nguvu kwa sababu ya malori, na sikuwatazama mpaka mwisho.

Akiondoka mtoto wa mwenyekiti, unafikiri wa nani atabaki? Dereva akawavusha watoto wake wawili siku ya pili, na hata akapunguza mwendo aniage dirishani. Waliofuata hawakuaga. Kila mvua ikipita, nafasi kavu kwenye ukuta wangu inaongezeka. Ilifika mahali hatukuwa na haja ya kubanana tena. Waliobaki walitosha wote pembeni, na mabenchi yaliyo wazi yalikaa katikati yakinyeshewa. Mimi bado nilifundisha kwa sauti kubwa. Nadhani nilikuwa nataka wasikie huko ng'ambo.

Hapo ndipo mkaguzi aliporudi, na safari hii kwa gari, na wakubwa waliotoka Lubumbashi kuja kuiona metode. Direktere alikimbilia darasa la tano akitaka kuazima watoto. Mwalimu wa la tano alikataa, alisema wake hawajui kubeba mabenchi. Wageni wakaingia. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri, kama walivyotaka. Watoto wachache walikuwa wameketi kavu, wanasoma. Hakuna aliyehama, pa kuhamia walikuwa wameshakaa.

Mkaguzi alitazama mabenchi matupu. "Madamu, batoto beko wapi?"

Nikamwelekeza dirishani. Ng'ambo ya barabara paa jipya lilikuwa linang'aa kwa maji, na kutoka chini yake ilisikika sauti ya darasa lililojaa.

Akakunja uso, ameumia kweli, nilimwona. "Lakini kule, Madamu, kule haba na metode!"

"Kule iko mabati, Musie."

Hakuna aliyecheka na hakuna aliyeniombea radhi. Mkubwa mmoja aliangalia saa. Tone likamdondokea mmoja begani, akasogea, wakatoka.

Jibu lilikuja haraka, siwezi kusema ofisi inalala. Darasa la sita la shule yetu limefungwa kwa upungufu wa watoto. Waliobaki wahamishiwe ng'ambo. Nikaomba niende nao. Nilivaa nguo yangu nzuri nikaenda mwenyewe hadi ofisini kwao, na kweli panavuja, nilimkuta mkaguzi ameweka ndoo juu ya kabati. Alinipokea vizuri sana. Akanieleza kwamba haiwezekani: shule ile ni dhaifu, haiwezi kupewa mwalimu wa kiwango changu, na ekole pilote haiwezi kubaki bila mwalimu wa metode. Akanishukuru kwa kazi yangu. Nilitoka bila kuaga, na mimi nimelelewa kuaga.

Sasa nina ufunguo wa darasa, mabenchi, na chumba cheupe kisicho na mtoto. Wageni wanakuja bado, nawaeleza. Walimu wa ng'ambo hawajui majina ya watoto wangu vizuri, na huyo anayewafundisha trapezi anaifundisha vibaya, namsikia hadi huku, anasahau kugawanya kwa mbili. Mtihani uko karibu, na hawatapelekwa na mimi. Mvua ikianza nasimama dirishani nasikiliza kama watanyamaza. Hawanyamazi. Hawalowi, namshukuru Mungu, na inaniuma sana.